Fundo la Mwavita

Hata sasa, uzee umeshamkalia, ukimtajia Émérance siku ya Jumatano yeye hawazi soko wala misa. Anawaza ua wa Régina, miaka ile ya Wabelgiji, na wanawake wa Kasongo wakiingia mmoja mmoja na mizigo ambayo hakuna mwenye akili timamu angeipeleka kwa mganga. Huyu na kinu na mchi wake. Yule na mtungi uliojaa. Yule na jembe, na kikapu cha pamba kichwani. Sufuria kubwa ya majani ya mlimau inachemka pembeni, watoto wanafukuzana na kuku, na kicheko kinapita juu ya ukuta mpaka wanaume barabarani wanageuza shingo wasijue wanachekwa nini. Enzi zile zilikuwa na machungu yake, pamba ya lazima na barua za ruhusa, hakuna anayezililia. Lakini ule ua Émérance anaulilia mpaka leo.

Régina alikuwa mzalishaji katika nyumba ya uzazi ya masista. Alikuwa amesoma miaka miwili, akapewa aproni nyeupe na cheti chenye muhuri. Siku nyingine zote alifanya kazi kama alivyofundishwa. Jumatano mchana ilikuwa yake mwenyewe, nyumbani kwake, na kazi aliyoifanya pale haikuwa na jina kwenye cheti. Wanawake waliiita kazi ya chini, wakishusha sauti kidogo. Walikuwa wamezaa, watu wakawapongeza, wakala kuku wa uzazi, basi ikaonekana yamekwisha. Kumbe kuna kitu hakikurudi mahali pake. Mmoja aliona maumivu kila mumewe alipomsogelea. Mwingine alihisi nyama inataka kumtoka kila alipotwanga mpunga. Na wengine, kama Émérance, mkojo uliwatoka wenyewe bila kuomba ruhusa.

Régina hakumwambia mtu neno kabla hajamwona akifanya kazi yake. Ndiyo maana ya vinu na mitungi. "Twanga nione," alisema, naye akakaa kwenye kibao, mikono magotini, macho kwenye kiuno cha mtu. Halafu akainuka, akaweka kiganja kimoja mgongoni na kingine chini ya kitovu, akasema, "Tena." Wanawake wawili wangeweza kulalamika shida moja, na kila mmoja akarudi kwake na maagizo yake. Huyu akaze mara kumi asubuhi, yule asithubutu kukaza. Siku moja Mado, mwenye mdomo mwepesi kuliko wote, alimwuliza kwa nini hawapi wote dawa moja wamalize, wakapike.

"Kwani mulizala mutoto mumoja?" Régina akamjibu, na ua mzima ukaangua kicheko.

Mado huyo alikuwa jirani wa Émérance, na ndiye aliyemburuta mpaka pale. Kuburuta ndilo neno lenyewe, maana Émérance kwa wakati huo alikuwa ameacha kwenda popote.

Hakuwa hivyo zamani. Alipoolewa na Zéphirin, fundi seremala, alikuwa na miaka ishirini na kicheko ambacho watu walikijua mtaa wa pili, kile cha kurusha kichwa nyuma na kupiga mapaja. Zéphirin mwenyewe alisema alioa kicheko kwanza, msichana akaja nyuma yake. Kisha ikaja mimba, na uzazi wa siku mbili, na mwishowe msichana mzima, mnene, mwenye hasira. Bibi Feza, mama yake Zéphirin, alifika kutoka Kabambare na kitambaa kirefu cha kaniki ndani ya kikapu chake. Ulikuwa mkaja, kitambaa cha kumfunga mzazi tumbo. Alimzungusha mkwewe mara nne, akavuta, akapiga fundo ubavuni, akalipigapiga kwa kiganja.

"Siku makumi ine," akasema. "Na mukono wenye ulifunga ndio utafungua. Mutu mwengine akigusa, tumbo itabaki wazi, hakuna mutoto atakaa humo tena."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika ukoo wao, na katika mambo ya ukoo Bibi Feza hakuwa mtu wa mzaha. Mtoto naye alimkagua paji la uso, akamgeuza sikio, akashtuka. Akapiga goti palepale sakafuni. Alisema huyu ni Mwavita, mama mkwe wake mwenyewe, aliyekufa zamani, sasa amerudi. Jina likawa Mwavita, na kutoka siku hiyo Bibi Feza alimheshimu yule kitoto kama mtu anavyomheshimu mkwe. Alimwamkia kwa goti. Alipokula alimgeuzia mgongo, maana huwezi kutafuna mbele ya mama mkwe. Mtoto akilia usiku, mwanamke huyu mwenye nywele nyeupe aliamka na kuuliza kwa woga, "Mama mukwe, nimekosa nini?" Émérance alimng'ata Zéphirin bega ili asicheke kwa sauti.

Siku ya ishirini na sita ikaja habari kwamba Bulaimu, kaka yake Bibi Feza, yu mahututi. Mama mkwe akapanda lori la pamba kurudi Kabambare. "Nitarudia kukufungua," akasema akiwa juu ya magunia.

Hakurudi. Bulaimu alifariki, akaacha mashamba mawili na mjane asiyeona vizuri, na mzigo wote ukamwangukia dada mtu. Siku arobaini zikapita, zikapita mia, mpunga ukavunwa mara mbili. Émérance alingoja kuitwa. Kwao, katika vijiji vya Wakristo kando ya Kasongo, mke haendi kwa mama mkwe bila kuitwa. Akienda, watu watasema amekwenda kuchungulia chungu cha mwenzake. Basi alikaa na mkaja wake. Akioga aliusukuma juu, kisha akaushusha. Ulipoanza kulegea alichomeka vitambaa vilivyokunjwa chini yake, ubane vizuri, kwa sababu mkojo ulikuwa umeanza na yeye aliamini kila kinachobana kinamsaidia.

Ulianza kwa kikohozi. Ukafuata kicheko, basi akaacha kucheka. Akaacha kunywa maji, midomo ikampasuka. Kanisani alihamia benchi la mlangoni, halafu akahamia nyumbani. Zéphirin akadhani mkewe amekuwa na majivuno, naye kwa aibu hakumsahihisha. Haya yote aliyavumilia. Lile lililomla moyo lilikuwa moja tu. Mwavita alipotimiza mwaka alikuwa akija mbio na mikono juu, abebwe, na kila Émérance alipomwinua alihisi joto likishuka mapajani. Akajifunza kusema, "Enda kwa Mama Mado." Mtoto si mjinga. Alipokaribia miaka miwili na nusu hakumwinulia mama yake mikono tena. Alikwenda kwa Mama Mado moja kwa moja.

Basi Jumatano ile ya kwanza Régina alimwuliza, mbele ya wote kama ilivyokuwa desturi ya ua ule, "Muzigo wako iko wapi?"

Émérance hakuwa na kinu wala mtungi. Akamwonyesha mtoto.

Kicheko cha uani kikakatika. "Mubebe nione," Régina akasema, sauti ya chini.

Émérance akachuchumaa, akafungua mikono. "Mwavita. Kuya." Mtoto akamtazama mama yake, akamtazama Mado, akakimbilia magoti ya Mado. Émérance alibaki pale chini na mikono wazi, na machozi aliyoyazuia miaka miwili yakamtoka mbele ya watu ishirini. Mwanamke mmoja aliacha mchi wake, akaja akachuchumaa kando yake, basi, akakaa tu.

Régina akamwingiza ndani, akashusha pazia. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akamweleza kila atakalofanya kabla ya kulifanya, akamngoja aitikie. Alipoinua kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni, akauona mkaja na vitambaa vilivyosongamana chini yake, na ngozi iliyochubuka.

"Kohoa," akasema. Kisha, "Sasa kaza, kama mutu anazuia mukojo njiani."

"Niko nakaza."

"Sijasikia kitu kwa vidole. Acha. Legeza."

"Nimelegeza."

"Haujalegeza, mama. Haujalegeza hata mara moja." Régina akavuta kigoda, akaushika mkono wa Émérance, akaukunja ngumi. "Ngumi hii, ifunge."

"Imekwisha kufungwa."

"Ndiyo vile. Ndiyo weye kule chini. Uko unafunga tangu asubuhi mupaka magaribi, miaka mbili, kwa woga. Kikohozi kikikuya, hakuna nguvu imebaki ya kufunga tena. Na kitambaa hii inasukuma kila kitu toka juu. Wale wengine ninawaambia wakaze. Weye nitakufundisha kufungua mukono. Lakini hii itoke kwanza."

Émérance akaushika mkaja kwa mikono miwili. Kwenye sinia ya enameli palikuwa na mkasi, unang'aa. Régina aliutazama, na Émérance akamwona anautazama. Kisha Régina akaufunika mkasi kwa kitambaa.

"Nikikata, utatoka hapa na woga kwamba tumbo yako imeharibika," akasema, "na ule woga utakukaza kupita kaniki. Nani alikufunga?"

"Mama mukwe. Iko Kabambare. Hajaniita."

"Na weye ulimwita?"

Émérance akauachia mkaja, akasema atakwenda.

Jumatano tatu alikwenda kwa Régina kujiandaa kwa safari. Alijifunza kulala chali na kupeleka pumzi mgongoni, mahali pekee ambapo mkaja uliacha nafasi. Alijifunza kunywa maji tena, kidogo kidogo, kwa sababu mkojo mchache ndio unaowaka na kukimbia. Alijifunza kuinua kitu huku akitoa pumzi badala ya kuimeza, kwanza kikombe, halafu kikapu kitupu. Mtoto bado. Régina alimshonea pedi za kitambaa. Zéphirin, alipoelezwa mwishowe na mkewe gizani chumbani, alisema, "Na mi nilifikiri haunipendi tena." Kesho yake akaenda kupanga foleni kwa barua ya ruhusa ya safari.

Dereva wa lori alikuwa Moustapha, mtu wa maneno mengi na filimbi. Watoto wake wote watatu walizalishwa na Régina, na Régina alikuwa amempitia jioni ya kuamkia safari, wakanong'onezana. Barabara ya Kabambare ilikuwa mashimo matupu. Émérance alikaa mbele, meno ameyauma, Mwavita kati yake na dirisha. Hawajafika mbali Moustapha akasimamisha lori, akashuka, akapiga magurudumu kwa fimbo na kusema atachukua muda, mama anaweza kunyoosha miguu porini kama anapenda. Baadaye kidogo akasimama tena. Alikagua magurudumu mara saba, magurudumu mazima kabisa, na hata mara moja hakumtazama Émérance usoni akirudi. Émérance amesahau majina ya mabwana wakubwa wote wa wakati ule. Jina la Moustapha analo.

Bibi Feza alikuwa uani akipepeta mpunga. Alimwona mtoto kwanza. Akaweka ungo chini, akapiga goti, taratibu, mkono mmoja kwenye ukuta. "Mama mukwe, karibu." Mwavita akajificha nyuma ya kikwembe cha mama yake. Kisha Bibi Feza akainuka, akakunja uso.

"Na weye, jambo," akasema. "Nani alikufungua?"

"Hakuna, mama."

"Usinidanganye. Miaka mbili."

Émérance akaingia ndani, Bibi Feza nyuma yake, akafungua kikwembe. Mama mkwe alipeleka vidole kwenye fundo. Akaligusa, akaligeuza, akalitambua. Akaketi juu ya kitanda.

"Nilifikiri walikufungua kwenu," akasema. "Mashamba ya kaka ilinikataza kurudia, nikakungoja. Nikasema, yule mutoto amenizarau, hakunifwata."

"Na miye nilikuwa nawangoja muniite!"

"Niite nini? Mwenye kufungwa ndiye anafwata mwenye kufunga!"

"Kwetu muke haendi kwa mama mukwe bila kuitwa, mama."

Wakatazamana. Adabu, jamani! Miaka miwili mtu mmoja anakauka kiu kwa adabu, mwingine ananuna shambani kwa adabu, na katikati yao barabara moja na lori kila juma. Bibi Feza alianza kutikisika mabega, na Émérance hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoona machozi, na hata hapo hakuwa na hakika. Vidole vya yule mama vilikuwa vigumu kwa jembe, lakini fundo lake vililijua. Likaachia. Akaufungua mkaja mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Émérance akavuta pumzi, nayo ikashuka, ikashuka, ikafika mahali ambapo haikuwa imefika tangu uzazi, naye akashika nguzo ya kitanda kwa sababu alidhani anaanguka.

Ndivyo safari yake ingeisha, arudi Kasongo na furaha yake. Lakini mtu akishakaa Jumatano tatu kwenye ua wa Régina, macho yake hayarudi yalivyokuwa. Siku zile za kwanza Émérance alimwona mama mkwe wake anavyotembea kwa hatua fupi, magoti yakigusana. Alimwona hakai kigodani moja kwa moja, anajishusha kwa ubavu. Na mchana mmoja, alipomsikia akimeza pumzi kila alipoinua mchi, maneno yakamtoka kabla hajayafikiria.

"Twangeni tena, mama, nione."

"Uone nini?" Bibi Feza akamkata jicho.

"Mbona munatembea sawasawa na miye?"

Mchi ukabaki juu. Bibi Feza aliutua chini polepole, akaangalia kama kuna mtu njiani, halafu akainua pindo la blauzi yake kidogo tu. Chini yake palikuwa na mkaja. Haukuwa tena kitambaa, ulikuwa viraka vilivyoshonwa juu ya viraka, buluu, nyeusi, khaki, kimoja cha gunia la pamba. Kila uzi ulikuwa umebadilishwa mwaka hadi mwaka. Ubavuni lilibaki fundo moja jeusi, gumu, la zamani, na lenyewe halikuwa limeguswa.

"Alinifunga kwa uzazi wa Zéphirin," akasema. "Mama mukwe Mwavita. Akafa siku ya makumi tatu, na siku kumi zilibaki. Nani atanifungua? Mukono wake iko mu udongo." Akashusha blauzi. "Zéphirin alikuwa wa mwisho. Nyama inashuka, Émérance. Nikitwanga inashuka, ninairudisha kwa mukono, ninaendelea. Ni miaka makumi mbili na saba."

Émérance alitaka kulia na alitaka kumpiga mtu, asijue nani. Miaka ishirini na saba. Akageuza uso, na huko alikogeuza alikuwa ameketi Mwavita, uchi wa mnyama, miguu mbele, anamenya karanga na kutupa maganda juu ya tumbo lake mwenyewe. Na Bibi Feza, bila hata kufikiri, alikuwa amesimama kumpa mgongo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na karanga moja mdomoni.

"Mama," Émérance akasema. "Si mulisema amerudia?"

Bibi Feza akaacha kutafuna. Akageuka, kidogo kidogo, akamtazama mtoto. Alimtazama kwa muda mrefu mpaka Mwavita akamnyoshea karanga.

Walilainisha fundo siku tatu kwa mafuta ya mawese. Siku ya nne asubuhi Bibi Feza alioga, akavaa kikwembe chake cha sikukuu, akalala kwa ubavu juu ya mkeka. Alisema maneno yake kwa heshima yote, uso chini. "Mama mukwe, mutoto wako amechoka. Nifungue."

"Karanga," akasema Mwavita.

Akapewa karanga. Akala, akavuta fundo mara moja, akachoka, akaenda kumfuata kuku. Akarudishwa. Akavuta kwa vidole viwili, vikateleza, akafanya hasira, akapiga tumbo la nyanya yake kofi. "Nimekosa, mama mukwe," akasema Bibi Feza mkekani. Émérance alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Halikuwa jambo la yeye kugusa. Mwishowe Bibi Feza mwenyewe akapata akili: akaomba chumvi kidogo ipakwe juu ya yale mafuta. Mtoto akalamba kidole, akaona utamu, akainama na kung'ata fundo kwa meno yake madogo ya mbele, akanyonya, akang'ata, akavuta kichwa nyuma kama mbwa na mfupa. Likalegea. Akavuta tena, safari hii kwa vidole, na mkono wa Mwavita uliofunga ndio ukafungua.

Bibi Feza alikaa kitako, mkaja wa viraka ukaanguka kiunoni, na yeye, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwogopa, akaita kwa sauti ndogo, "Mama," mara moja tu. Mtoto akampanda mapajani.

Walikaa miezi miwili. Kila asubuhi, kabla ya shamba, mama na mkwe walilala juu ya mkeka mmoja, miguu wameikunja. Émérance alimpima mwenzake alivyopimwa yeye, kwa kiganja na kwa kutazama, na akaona kwamba huyu hakuwa ngumi iliyofungwa, alikuwa mkono uliolegea na kuachwa. Basi mmoja alilegeza, akapumua, akafungua. Mwingine alikaza, akahesabu, akaacha, akakaza. Mchi wa Bibi Feza ulikatwa, ukapunguzwa uzito, na akafundishwa kutoa pumzi ukishuka. Nyama haikurudi yote. Lakini iliacha kushuka njiani, na siku moja alikwenda mtoni na kurudi bila kusimama.

"Mbona yangu ni nguvu kupita yako?" alinung'unika kila asubuhi.

"Kwani tulizala mutoto mumoja, mama?"

Siku ya kuondoka, lori la Moustapha likapiga honi barabarani. Émérance alikuwa amefunga kikapu, akachuchumaa kufunga kamba, na alipoinua macho Mwavita alikuwa amesimama mbele yake. Mikono juu.

Hakufanya haraka. Alivuta pumzi mpaka chini. Akaweka mikono kwapani mwa mtoto, akatoa pumzi, akainuka naye. Alisimama akingoja. Akangoja tena. Hakuna kitu kilichoshuka ila jasho la mtoto shingoni mwake, na uzito ule, uzito wote wa miaka miwili na nusu, ambao alikuwa amemwachia mwingine.

"Ngoja," akasema Bibi Feza. Akaingia ndani, akatoka na ule mkaja wa kaniki wa Kasongo, umefuliwa mtoni, umenyooka kwenye jua. Akampandisha Mwavita mgongoni mwa mama yake, akazungusha kitambaa juu ya mgongo wa mtoto na chini ya makwapa, akakivuta mbele, akapiga fundo juu ya kifua. Akalipigapiga kwa kiganja, kama siku ile.

"Hii," akasema, "utafungua weye mwenyewe. Siku yenye utapenda."

Kisha akapiga goti kumuaga mama mkwe wake. Alishuka moja kwa moja, na akainuka bila kushika ukuta.

Wamekwenda mwendo wa saa nzima, mashimo yakiwarusha, Moustapha akapunguza mwendo na kukohoa kistaarabu. "Nisimame, mama? Niangalie magurudumu?"

Émérance alirusha kichwa nyuma, akacheka kile kicheko chake cha zamani, akapiga mapaja, mtoto mgongoni akaamka na kucheka naye bila kujua sababu.

"Magurudumu iko muzima," akasema. "Endesha."